Uzi: Nilikuwa muumini wa dunia isiyo na pesa, naomba niseme kilichonishinda

#1 Mleta mada

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila mwenye muda akae tujadili maana hili jambo nimekaa nalo zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuliandika popote.

Kuna harakati inaitwa The Zeitgeist Movement, ilianza Marekani mwaka 2008. Mawazo yake mengi yalitoka kwa mzee mmoja Jacque Fresco, alizaliwa 1916 New York akafa 2017 akiwa na miaka 101. Yeye na mwenzie Roxanne Meadows walikuwa na eneo lao kijiji kinaitwa Venus kule Florida, ekari 21 na ushee, wamejenga nyumba nyeupe za kuba katikati ya miti, ndani wamejaza michoro na vielelezo vya miji ya baadae. Wao wanaita The Venus Project. Baadae 2011 hao wawili na ile harakati wakaachana, kila mmoja na njia yake, ila hoja ni ileile.

Hoja yenyewe: dunia ina chakula, maji, nishati na malighafi za kumtosha kila mtu, kinachomfanya mtu alale njaa ni kukosa pesa tu wala sio kukosekana chakula. Kwa hiyo toa pesa, toa bei, toa mshahara, toa hata kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Kompyuta zihesabu rasilimali za dunia nzima, mashine zifanye kazi za kuchosha, mtu achukue anachohitaji kama anavyovuta hewa. Fresco aliuona mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 30 akiwa kijana, anasema viwanda vilikuwepo, maduka yana vitu, mafundi wapo na mikono yao, kilichokosekana ni hela tu, na kwa ajili ya hilo watu wakalala nje. Mimi hiyo picha iliniingia mpaka kwenye mfupa, na nina sababu.

2011 dada yangu alijifungua kwa upasuaji, hospitali jina naliacha. Bili ikatushinda. Akazuiwa siku tisa baada ya daktari kumruhusu. Siku tisa wakuu. Kitanda alishanyang'anywa, akawa analala kwenye benchi la korido karibu na dirisha la malipo, mtoto kamfunga kwa kanga kifuani, maziwa yanachuruzika mpaka kanga inakauka inakuwa ngumu kama karatasi. Mi niko nje na simu nasubiri meseji za muamala, elfu mbili kutoka kwa huyu, elfu tano kutoka kwa yule, kila meseji ikilia nachukua kalamu naandika nyuma ya risiti. Dawa alishapewa, wauguzi walishafanya kazi yao, kidonda kinapona, hakuna kitu chochote cha kweli kilichokuwa kinamzuia yule mama asiende nyumbani isipokuwa namba kwenye skrini. Rafiki yangu aliponipa flash yenye filamu ya hawa jamaa mwezi uleule, we unadhani ningesema nini? Niliamini usiku uleule.

Tukawa kundi la watu sita, tunakutana Jumapili, tunatafsiri makala zao kwa Kiswahili tuzisambaze. Na hapo kwenye kutafsiri ndio nikakwama. Wao wanasema kila mtu atapata mahitaji yake. Sawa. Mahitaji ni yapi, na matakwa ni yapi, na nani anachora mstari? Tulibishana mchana kutwa. Mwenzetu mmoja anasema pikipiki ni hitaji, mwingine anasema ni anasa kama kuna basi. Mwishoni tukaandika "mfumo utaamua" tukafunga daftari. Nikarudi nyumbani na lile neno linanikera, mfumo utaamua.

Nikamuuliza mama yangu. Yeye alikuwa mke kijana pale Tanga mwanzoni mwa miaka ya 80, ule wakati wa kukosekana vitu, wakubwa humu mnaukumbuka, foleni za RTC (kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa), duka la kaya, unga wa Yanga ule wa mahindi ya njano. Mama anasema hela walikuwa nazo, imo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, ila haikuwa na la kununua. Sukari, sabuni, khanga vinagawiwa kwa kaya, na orodha anayo balozi wa nyumba kumi. Bei ya sukari ilikuwa ndogo, anasema hakuna aliyelalamikia bei. Kilichokuwa ghali ni kujua gari la mzigo linafika lini. Wanawake wakawa wanampelekea mke wa balozi kuku, samaki, wengine wanakwenda kumfulia, ili alfajiri agonge dirisha aseme "kaweke kapu". Unaweka kapu lako kwenye foleni na jiwe ndani ili upepo usilipeperushe, unarudi kunyonyesha. Siku moja mama alinuniana na yule mke wa balozi kwa jambo la watoto tu, watoto walipigana, basi miezi miwili jina letu likawa "limerukwa kwa bahati mbaya".

Nilisikiliza nikanyamaza kwa muda mrefu. Maana nilikuwa nahubiri kwamba ukitoa pesa unamtoa na mwenye nguvu. Kumbe pale pesa ilikuwa imeshapoteza kazi yake, na nguvu haikuondoka, ilihamia kwa anayeshika daftari. Na mwenye duka ukigombana naye unaenda duka la pili, balozi ukigombana naye unaenda wapi?

Najua mtaniambia ile ilikuwa ni uhaba, Fresco anazungumzia wingi. Haya tuje kwenye wingi.

Chukueni mto Pangani. Maji ni yaleyale, juu huko kuna wakulima wa mpunga na mahindi wanamwagilia, kuna wafugaji wananyweshea, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu watu wanavua, kuna katani, chini kuna mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, na mwisho kabisa kuna mji wa Pangani ambako mto ukipungua chumvi ya bahari inapanda. Weka sensa kila mita mia, weka kompyuta kubwa kuliko zote. Itakwambia lita ngapi zimepita leo, na lita ngapi zikichukuliwa na mpunga umeme unashuka kiasi gani. Vizuri kabisa. Lakini mwaka wa ukame nani asubiri? Mkulima au taa za wodi ya Tanga mjini? Hilo sio swali la hesabu, na mashine ikilijibu maana yake kuna mtu alishaiandikia jibu, na huyo mtu simjui, sikumchagua, wala siwezi kumfuata ofisini.

Kuna mchumi wa Austria, Ludwig von Mises, mwaka 1920 aliandika kwamba bila bei huwezi kujua kama shaba uliyoweka kwenye waya ingefaa zaidi kwenye bomba, maana vitu viwili tofauti havijumlishiki mpaka uwe na kipimo kimoja. Alikuwa mtu wa soko huria hasa na mengi yake siyakubali, ila hilo swali lake nimetafuta jibu kwenye maandiko ya harakati miaka yote sijaliona, nimekuta michoro ya miji ya mviringo tu.

Na kuna nchi iliyofanya kweli. Kambodia, wapiganaji wa kikomunisti wa Khmer Rouge chini ya Pol Pot waliingia mji mkuu Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, wakahamisha mji mzima kwenda mashambani, benki kuu wakailipua, pesa ikafutwa kabisa. Noti mpya walishachapisha, hawakuzitoa. Karibu miaka minne hakuna pesa, hakuna soko, watu wanakula jiko la pamoja, uji wa mchele, kijiko anashika mtu wa chama. Waliokufa kwa njaa, maradhi na kuuawa wanakadiriwa kati ya milioni moja na nusu na mbili. Sisemi Fresco ni Pol Pot, huyo mzee alikuwa mtu wa amani na sipendi akitukanwa hivyo. Nasema kitu kimoja: mtu wa kawaida aliyetaka kukimbia kule alikuwa hana cha kumpa mwenye mtumbwi, labda awe na dhahabu aliyoificha. Noti ulizofukia chini ya mti hazikukusaidia tena mwaka kesho. Utawala ulipoanguka Januari 1979 watu walianza kununuliana kwa vipimo vya mchele na dhahabu, na riel ikarudi 1980.

Hii ndio inaniuma. Niliingia kwenye harakati kwa sababu dada yangu alizuiwa korido na namba. Nikagundua namba ile angalau niliweza kuilipa, elfu mbili elfu mbili, na ikiisha hakuna mtu angeweza kumzuia tena. Kwenye dunia ya "mfumo utaamua" ningeilipa na nini?

Karibuni tujadili, matusi hapana.

#2

Naweka kiti mkuu. Hiyo ya kapu na jiwe umenikumbusha bibi yangu Moshi, ilikuwa hivyohivyo.

#3

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeanza hadithi katikati. Pesa kwetu haikuja kwa hiari, tuliletewa kwa kiboko. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda 1898, rupia tatu, mtu analima mtama wake anakula vizuri ghafla anaambiwa lete rupia, rupia anaitoa wapi kama sio kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu? Huko Kenya Waingereza nao hivyohivyo. Kabla ya hapo tulikuwa na ujima, Wapare wana msaragambo mpaka leo, mfereji unachimbwa na kijiji kizima hakuna anayelipwa. Kwa hiyo hawa akina Fresco wanatuletea kitu chetu kwa jina la kizungu. Kosa lao ni kutoijua Afrika ila wazo ni sahihi.

#4 Mleta mada

Mkuu #3 kodi ya kibanda umesema kweli tupu na inatakiwa ifundishwe hivyo ulivyoiandika. Lakini usichanganye kodi ya kulazimishwa na pesa. Kilwa walikuwa wanapiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Mjerumani hajaijua njia ya kuja huku, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtaja Mungu upande wa pili, na yale maneno ya pande mbili yana vina kabisa kama shairi. Sarafu zao chache ziliokotwa mpaka visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Buganda walitumia kauri, yale makombe ya baharini, Katanga walikuwa na misalaba ya shaba. Watu wanaofanya biashara na mgeni watabuni kitu cha kuhesabia, hilo halihitaji kiboko.

Na msaragambo naupenda, nimeuona. Ila hebu tuuangalie kwa karibu, asiyefika siku ya mfereji anafanywa nini? Anatozwa faini. Zamani pombe au mbuzi, siku hizi hela. Na anajulikana kwa jina. Ujima unafanya kazi kwa sababu watu wanakumbuka, na kukumbuka ni hesabu. Nenda kwenye msiba wowote uswahilini utakuta kijana amekaa mezani na daftari la mistari: mchele kilo mbili, kuni mzigo mmoja, elfu kumi, kila kitu na jina la aliyeleta. Mama yangu ana daftari la msiba wa baba mpaka leo, kalifunga kwa kitambaa, kila akisikia mtu kafiwa analifungua aone yule alikuja na nini. Huo ni upendo kabisa sio unafiki. Lakini ni daftari. Linatosha kwa mtaa mmoja, wanaojuana sura. Fresco anataka liwe la watu bilioni nane.

#5

Mi napingana na wewe mkuu na mi bado ni mwanaharakati. Unatisha watu na Kambodia wakati mifano mizuri umeiruka. Damu, watu wanachangia bure. Wikipedia imeandikwa bure. Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, inaendesha seva za dunia nzima na wengi waliianza bila kulipwa. Kibbutz za Israel, vile vijiji vya kumiliki vitu kwa pamoja, Degania ilianza 1910 wakaishi bila mshahara miongo na miongo. Na kompyuta kupanga uchumi sio ndoto, Chile enzi za rais Allende, 1971 mpaka 1973, walikuwa na mradi wa Cybersyn uliobuniwa na Mwingereza Stafford Beer, viwanda vinatuma taarifa kila siku Santiago kwa teleksi, zile mashine za kutuma maandishi kwa waya, na wenye malori walipogoma Oktoba 1972 serikali ikatumia teleksi hizohizo kupanga malori machache yaliyobaki chakula kikafika. Kwa teleksi! Leo tuna simu mfukoni zenye nguvu kuliko kompyuta yao yote. Tatizo lako ulikata tamaa mapema.

#6 Mleta mada

Umeniheshimu na hoja, nami nakujibu kwa heshima.

Damu ni mfano bora kuliko yote na nimeufikiria sana. Inafanya kazi kwa sababu hakuna mtu anayetaka chupa ya damu ambayo haihitaji. Ukishapona umepona. Vitu vya namna hiyo vipo, chanjo, uzazi, maji ya kunywa, shule ya msingi, na hivyo mimi niko na wewe, vitoke kwenye bei hata kesho. Ila kiwanja cha ufukweni sio kama damu. Kila mtu anakitaka na hakiongezeki, mashine iwe na akili namna gani. Na hata kwenye damu, mgonjwa wako akiwekewa chupa mbili wodini mnaambiwa leteni ndugu wachangie, umeona daftari limerudi?

Wikipedia na Linux ni kweli, ila pale unanakili kitu bila kumpunguzia mwenzio. Ukinakili programu mi yangu iko palepale, ukichukua gunia langu mi sina gunia. Na seva za Wikipedia zinalipiwa umeme kwa michango ya pesa.

Degania nawaheshimu mno. Walichagua wenyewe, mlango ulikuwa wazi kutoka, na ndio maana hawakuua mtu. Lakini wakiuza ndizi na maziwa yao nje waliuza kwa pesa, pesa ilikuwepo nje ya ukuta, haikuwepo ndani tu. Na 2007 wakapiga kura wenyewe wakaingia kwenye mishahara inayotofautiana. Miaka tisini na saba, watu wa dhati kuliko mimi na wewe.

Cybersyn ndio umenigusa. Angalia kilichowaokoa 1972: ni mtu aliyekaa kiwandani akaandika kwa mkono wake kwamba sisi mafuta yamebaki kidogo, barabara fulani imefungwa. Mtu akimwambia mtu. Na hata hivyo Chile hawakufuta pesa.

#7

Salamu kutoka Mombasa. Niwape ya huku kwetu. 2013 kulikuwa na Bangla-Pesa pale mtaa wa Bangladesh, ni vocha za karatasi, wafanyabiashara wadogo wadogo wanakubaliana wao kwa wao, wa bodaboda anachukua chapati kwa vocha, mama chapati anapeleka kwa fundi cherehani, fundi anapanda boda nayo. Shilingi mnaweka ya mafuta na fees za shule. Serikali wakaona hii ni pesa bandia, hadi wakashukiwa ni mambo ya lile kundi la MRC la kutaka Pwani ijitenge, wakashikwa wakapelekwa kotini, mashtaka yakaja kuondolewa mwaka huohuo. Baadae ikahamia kwa simu ikaitwa Sarafu. Mimi nikisoma huu uzi naona wote mnapigana na kivuli. Siku biashara ni mbaya mtaani kila mtu ana kitu cha kuuza na kila mtu anahitaji cha mwenzake lakini shilingi haiko, imeenda mjini. Shida ni shilingi kukosekana. Kwanini mtu anafikiria kuitupa kabisa badala ya kujitengenezea?

#8 Mleta mada

#7 Mungu akubariki, hii ndio nilikuwa naizunguka siku zote nikashindwa kuisema. Na Fresco mwenyewe kwenye ile hadithi yake ya miaka ya 30 ndicho alichokiona: mafundi wapo, vitu vipo, pesa imekauka. Nyie mkaona hivyohivyo mkachapisha vocha. Yeye akasema tufute. Ugonjwa mmoja, na mi kwa miaka nilibeba dawa isiyo yake.

#9

Sasa mkuu mwisho wa yote unataka nini? Maana naona umeikataa harakati lakini hospitali bado zinazuia watu, mpaka maiti zinazuiwa. Ukituambia tubaki na pesa ni kama unawatetea hao waliomlaza dada yako kwenye benchi.

#10 Mleta mada

Swali zuri na limenikosesha usingizi jana ndio maana nimechelewa kurudi.

Siwatetei na sitawatetea. Nikipita pale mpaka leo navuka barabara. Ila nimebadilisha ninachopigania. Zamani nilikuwa napigania dunia nzima isiyo na pesa, na kwa kuwa ni dunia nzima hakukuwa na kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi zaidi ya kutafsiri makala. Sasa napigania dirisha moja, lile la malipo ya wodi ya wazazi. Mzazi na maiti wasishikwe kwa deni, popote, hospitali ya nani ya nani. Deni lidaiwe kama madeni mengine, kwa barua na mahakama, sio kwa mwili wa mtu. Hilo linaandikwa kwenye sheria, mbunge anaulizwa, linafuatiliwa.

Na mtaani kwetu tuna mfuko wa wajawazito, kaya thelathini na nne, elfu mbili kwa mwezi, daftari anashika mama mmoja na nakala anayo mwingine, kila mwisho wa mwezi linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Nilishikilia hilo la kusomwa kwa sauti mpaka wakanichoka, mama yangu peke yake ndio alielewa. Mwaka jana limewatoa wazazi watatu. Ni kidogo, najua.

Mkuu #5 nakusubiri, sijakukimbia. Ila ukirudi anza na Pangani. Watu wote mmepita juu ya lile swali hakuna aliyelishika: ni mwaka wa ukame, maji hayatoshi, kompyuta imeshahesabu kila lita. Nani asubiri, na nani kasema?

#11

Nimerudi. Nimelifikiria tangu jana mkuu. Kwenye kikao chetu cha Jumapili nitaliweka mezani kama ulivyoliandika, neno kwa neno, nitaleta majibu hapa.